Mnanaa wa Njia ya Benchi

Fundi cherehani wa nyumba ya kona hakujua kutulia. Chai alikunywa amesimama. Simu alipokea akitembea. Akishona, mguu mmoja ulikanyaga cherehani na mwingine ulitikisika tu, bila kazi yoyote. Majirani walimwita Mbio. Mumewe naye alilizoea jina hilo.

Mbele ya nyumba kulikuwa na chumba cha kushonea. Nyuma kulikuwa na bustani ndogo ya mama mkwe. Mimea yake ilikuwa ya kudumu, yaani ile inayokaa mwaka hata mwaka bila kupandwa upya. Karibu na ukuta kulikuwa na waridi. Pembeni kulikuwa na maua madogo ya njano. Katikati kulikuwa na kitalu cha mayungiyungi meupe, na hayo yalipandwa na baba mkwe kabla hajafariki. Mwisho wa bustani kulikuwa na benchi.

Kila jioni mama mkwe alipenda kukaa kwenye benchi hilo. Lakini macho yake yaliingia ukungu. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho. Ulimfunika kidogo kidogo, mpaka akawa anaona mwanga tu. Mara mbili alianguka akilitafuta benchi lake.

Mbio akapata wazo. Aliomba vijiti vya mnanaa kwa mteja wake mmoja. Akavipanda pande zote mbili za njia, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye benchi. Mnanaa ukiguswa hunukia. Mama mkwe akienda upande, mguu wake ungegusa majani, harufu ingepanda, naye angejua kurudi katikati.

"Mke wangu una akili," mumewe alisema. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mizaha. "Umemjengea mama barabara ya harufu. Sasa tuwekee na taa za kuongozea magari."

Wazo lilifaa kweli. Mama mkwe alitembea peke yake, kichwa juu, pua mbele. Akifika kwenye benchi alikaa, akaweka mikono magotini, kisha akauliza swali lake la kila jioni.

"Yamechanua?"

Aliuliza habari za mayungiyungi. Msimu wa kwanza Mbio aliyatazama na kujibu, "Yamechanua, Mama." Ilikuwa kweli.

Lakini mnanaa haukukaa njiani. Uliingia kwenye kitalu. Mbio aliuona, akasema atapunguza kesho. Kesho kulikuwa na sare za shule za kushona. Kesho kutwa kulikuwa na mapazia ya hoteli. Msimu uliofuata mnanaa ulifika kwenye waridi, na maua ya njano yakamwaga mbegu kila mahali. Mayungiyungi hayakuonekana tena.

"Yamechanua?" mama mkwe aliuliza.

Mbio alikuwa amechoka, na uzi ulikuwa bado umemning'inia mdomoni.

"Yamechanua, Mama," alijibu.

Siku ile alidanganya kwa uchovu. Siku zilizofuata alidanganya kwa woga. Uongo nao una kazi zake: ukishauanza, lazima uulishe.

*

Kisha mama mkwe akapelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho. Baada ya hapo alikaa kwa binti yake ili awe karibu na daktari. Siku moja Mbio alikuwa anapindia gauni simu ilipolia. Alikuwa wifi yake.

"Wifi! Mama anaona! Amekaa hapa anavihesabu vifungo vya blauzi yangu. Ameniambia kimoja hakifanani na vingine."

"Usinitanie!"

"Haki ya Mungu. Mwisho wa mwezi daktari akimruhusu, namleta. Na kila saa anasema jambo moja tu. Anataka kuyaona maua ya marehemu baba."

Mbio alipiga vigelegele hadi mteja aliyekuwa mlangoni akashtuka. Alifurahi kwa dhati. Halafu akakumbuka mayungiyungi. Aliliacha gauni chini ya sindano, akatoka nyuma mbiombio.

Bustani nzima ilikuwa mnanaa. Alisimama pale mlangoni, akashika kichwa. Mama mkwe angerudi na macho yake mapya, na kitu cha kwanza ambacho angekiona ni uongo wa mkwewe.

"Tutanunua dawa ya kuua magugu," mumewe alisema jioni ile. "Tunapuliza mara moja, kwisha habari."

"Basi nenda kainunue."

"Sasa hivi? Duka limefungwa."

Mbio hakuweza kungoja duka. Asubuhi alichukua jembe, akaanza kukatakata. Mizizi ya mnanaa ilikuwa myeupe na mirefu, imesukana chini kwa chini. Kila alipouona mzizi aliukata. Alikata vipande, akakata na vile vipande. Nusu ya takataka akaitupa kwenye shimo la mboji. Nusu nyingine akafunikia shina la waridi, eti iwe matandazo ya kutunza unyevu. Hadi mchana, ukiacha waridi na maua ya njano, bustani ilikuwa udongo mtupu.

"Umeona?" alimwambia mumewe, jasho likimtoka. "Bila hata dawa."

Mvua ikanyesha usiku. Ikanyesha tena. Na wateja walianza kucheka.

"Mama, hii sare ya mwanangu mbona inanukia dawa ya meno?"

Mbio alinusa mikono yake. Kweli. Akaenda kuangalia nyuma. Vichipukizi vya kijani vilikuwa vimetoka kila mahali, vingi kuliko mwanzo. Vilitoka kitalu kizima. Vilitoka kwenye mboji. Vilizunguka shina la waridi, pale alipokuwa ametandaza vile vipande.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Alilishika jembe tena, safari hii kwa hasira. Alipiga, akapiga, bila kuangalia anapiga nini. Mara jembe likagonga kitu kilicho laini. Akainama. Kilikuwa kitunguu cheupe cha yungiyungi, kimepasuka vipande viwili.

Kumbe bado yalikuwa hai, chini kule. Na sasa alikuwa anayaua kwa mkono wake mwenyewe. Mbio akaketi chini kwenye matope, na kwa mara ya kwanza miguu yake yote miwili ikatulia. Akalia kwa sauti.

*

"Jirani! Kuna msiba?"

Kichwa kilitokeza juu ya ukuta. Alikuwa mkunga wa zahanati, jirani yao wa upande wa pili. Watu walimwita Mkasi. Siku za kazi alikata vitovu vya watoto. Siku za mapumziko alikata maua yaliyokauka bustanini kwake. Ulimi wake nao ulikuwa unakata.

"Dada, nimeiua bustani ya Mama," Mbio alisema.

"Ngoja."

Mkasi alizunguka na kuingia kwa mlango wa nyuma. Alitazama udongo, akatazama vichipukizi, akatazama jembe.

"Hujaiua," alisema. "Umeipanda upya. Umepanda mnanaa shamba zima."

"Mimi? Mimi nimekata!"

"Ndiyo maana. Mnanaa unatembea kwa mizizi. Kila kifundo cha mzizi kinaweza kuchipua. Ukiukata mzizi mmoja vipande kumi, umepata minanaa kumi. Jembe limekusaidia kupanda."

Mbio alilisukuma jembe kando. Wakati huohuo mumewe aliingia, amebeba chupa ya dawa na kifuko cha plastiki.

"Nimeipata!" alisema. "Leo ni leo."

"Hiyo ni ya nini, shemeji?" Mkasi aliuliza.

"Ya kuua magugu."

"Inajua kutofautisha mnanaa na yungiyungi?"

Mume alisoma karatasi ya chupa, akaigeuza, akasoma tena. "Hapa wanasema inaua majani yote."

"Na yungiyungi lina nini? Lina manyoya? Irudishe dukani ikiwa imefungwa hivyohivyo."

Mume alicheka, akaiweka chupa juu ya dirisha, mbali na mikono. Mbio hakucheka. Alisimama, akaanza kuzunguka kitalu.

"Dada, niambie haraka. Mama anakuja mwisho wa mwezi. Nataka mnanaa wote utoke. Wote! Sitaki kuuona tena. Nataka na maua yachanue kabla hajafika."

"La kwanza tutajaribu," Mkasi alisema. "La pili haliwezekani. Vitunguu hivi vimenyimwa chakula na mwanga muda mrefu. Vitachanua vikipata nguvu. Mmea hauna mbio zako, mdogo wangu."

"Basi nitamwambia nini?"

"Hilo sikufundishi mimi. Mimi nakufundisha mnanaa. Leta ndoo ya maji."

Walianza kwenye kona moja. Mkasi alimwagia udongo maji na kuacha yanywe. "Udongo mkavu unakatia mizizi ndani," alieleza. "Udongo wenye unyevu unaiachia." Kisha akaleta jembe lake la meno. Hakukata. Alilichomeka kwa nje, akaliegemea, akauinua udongo taratibu. Akaingiza vidole chini, akaushika mzizi na kuufuata, kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye pindo. Mzizi ulitoka mrefu, mzima, na vichipukizi vyake.

Hapo Mbio alielewa. Kufumua alikujua. Ukiukata uzi ovyo, unabaki na vipande vya kuchokoa hadi kesho. Ukiupata mwanzo na kuvuta polepole, unatoka wote.

"Nipe," alisema.

Alivuta wa kwanza, ukakatika.

"Polepole."

"Nimevuta polepole!"

"Umevuta polepole ya kwako. Vuta ya kwangu."

Wa pili ulitoka. Mbio akaunyanyua juu, akapumua.

"Sasa usiutupe kwenye mboji," Mkasi alisema. "Pale kuna unyevu na chakula. Umeuandalia kitanda. Utandaze juu ya bati, juani, hadi ukikunja unavunjika. Ukishakauka hivyo hauoti tena."

Waliondoa pia vipande vyote vilivyozunguka waridi. Maua ya njano hawakuyang'oa yote. Waliacha mashina machache kwenye kona, na Mkasi akachomoa mkasi wake mfukoni, akakata vichwa vilivyoanza kukauka.

"Haya hayatembei kwa mizizi. Yanarusha mbegu," alisema. "Kwa hiyo ua likishanyauka, kata kichwa kabla hakijapasuka. Kila mmea una njia yake ya kuvamia. Ijue njia hiyo, kisha uifunge."

Siku ile hawakumaliza. Mbio alitaka kuendelea hadi giza, lakini Mkasi alikataa. "Fanya kipande kidogo, ukisafishe kabisa. Kesho kipande kingine. Ukirukaruka, mnanaa unarudi nyuma yako."

Hilo ndilo lilimtesa Mbio kuliko matope. Kila asubuhi, kabla ya kufungua chumba cha kushonea, alisafisha kipande kimoja. Moyo ulimwambia akimbie, mikono ilimwambia taratibu. Usiku alijigeuza kitandani, akiwaza maneno ya kumwambia mama mkwe. Akiyapata, asubuhi yalikuwa yameshamtoka.

Vitunguu vya mayungiyungi walivipata vichache. Vingine vilikuwa vimeoza. Vilivyo vizima walivipanda tena, vimeachana, kwenye udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva ya Mkasi. Hata kile kilichopasuliwa na jembe kilipandwa.

"Kikiwa na kitako chake cha mizizi, huenda kikaota," Mkasi alisema. "Tusikiandikie talaka."

Mume naye alipewa kazi. Alikata vipande virefu vya bati, akavizika kuzunguka kitalu. Bati liliingia futi moja chini na kubaki vidole vitatu juu ya udongo, ili mnanaa usipite chini wala kupanda juu. Ukingo wa juu aliukunja vizuri usimkate mtu mguu. Pale palipobaki patupu walitandaza maboksi ya karatasi, wakayalowesha, wakamwaga majani makavu juu yake. Vichipukizi vilivyosahaulika visingepata mwanga.

Ilibaki rundo moja la mwisho la mnanaa, karibu na benchi. Mbio alilishika kwa hasira.

"Hili linakwenda juani na lenyewe."

"Ulimpandia nani?" Mkasi aliuliza.

"Mama. Asianguke."

"Sasa mnanaa una kosa gani? Uliupa bustani nzima bila mpaka, nao ukaichukua. Upe chombo. Lete ndoo."

Walitoboa matundu chini ya ndoo kuukuu ili maji yatoke. Walijaza udongo, wakapanda vijiti vitatu. Mbio alitaka kuiweka ndoo juu ya udongo.

"Hapana. Mizizi itatokea kwenye matundu na kuzama. Iweke juu ya jiwe, pale unapopaona. Tawi likining'inia hadi chini, likate. Likigusa udongo litashika."

Ndoo ikawekwa juu ya jiwe bapa, kando ya benchi.

*

Mama mkwe alifika mchana, ameshika mkono wa binti yake, na miwani myeusi usoni. Alimtazama Mbio muda mrefu mlangoni.

"Umekonda," alisema. "Sauti yako haikuniambia kama umekonda."

Hakutaka chai. Alitaka kwenda nyuma. Mbio alimfuata, mumewe na wifi yake nyuma.

Bustani ilikuwa tupu. Kulikuwa na waridi, maua machache ya njano, na majani makavu yaliyotandazwa chini. Katikati kulikuwa na ukingo wa bati, na ndani yake ncha chache za kijani, fupi kama kidole. Mama mkwe alivua miwani. Akatazama.

Mbio alikuwa ameandaa maneno mengi. Hakuna hata moja lililokuja kwa mpangilio.

"Mama, hayajachanua," alisema. "Hayakuchanua hata msimu uliopita. Mnanaa uliyafunika. Nilikuona umefurahi pale kwenye benchi, nikashindwa kukuambia. Nilikudanganya kila jioni. Nisamehe, Mama."

Wifi yake aliangalia chini. Mumewe alisahau mizaha yote.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "macho ndiyo yalikuwa yamekufa. Pua haikufa. Mayungiyungi yakichanua, harufu yake inafika jikoni. Ulidhani sikujua?"

Mbio alimsogelea.

"Sasa Mama, mbona uliendelea kuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja siku utakayochoka kubeba peke yako. Ningesema mimi, ungeamka usiku kulima kwa taa. Nakujua. Mkwe wangu hana breki."

Mumewe akaangua kicheko. Wifi naye akacheka. Mbio alicheka na kulia kwa pamoja, bila kujua kipi kimeanza.

Mama mkwe alianza kutembea kuelekea kwenye benchi. Katikati ya njia alisimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Uso ukambadilika.

"Mnanaa wangu uko wapi?"

Wifi alimgeukia Mbio.

"Mayungiyungi alinipandia mume wangu," alisema. "Mnanaa nilipandiwa na wewe. Msiniambie mmeung'oa wote."

"Upo, Mama," Mbio alisema kwa haraka. "Upo pale kwenye ndoo!"

Mama mkwe alifumba macho. Akaenda hivyohivyo, pua mbele, kama alivyozoea, hadi mkono wake ulipogusa majani. Akayafikicha, akanusa, akaketi. Mbio aliegemea ukuta. Rundo lile nusura alianike juani.

Tangu siku ile bustani ilikuwa na siku yake. Kila Jumapili kabla ya chai, Mbio na mama mkwe waliizunguka pamoja. Mama mkwe alionyesha kwa kidole, kwa kuwa sasa macho yake yalikuwa makali kuliko ya wote. "Kile pale. Na kile." Mbio alivuta chipukizi kingali kichanga, na mzizi wake. Ilikuwa kazi ndogo, chai haikupata muda wa kupoa. Mnanaa uliozidi kwenye ndoo walikatia chai, na majirani walioomba mbegu walipewa vijiti ndani ya kopo, pamoja na onyo: usiutoe humo.

Mvua zikaja, zikaisha. Mabua ya mayungiyungi yalirefuka, hata lile la kitunguu kilichopasuka, ingawa lilitoa majani tu. Mbio alitaka kuyachungulia kila saa. Mama mkwe alimkataza.

Jioni moja Mbio alikuwa anashona alipoisikia harufu. Iliingia jikoni, ikapita hadi kwenye chumba cha kushonea. Alinyanyua mguu kwenye cherehani. Akaenda nyuma kwa mwendo wa kawaida, na alipofika alikuta mama mkwe ameketi kwenye benchi, mikono magotini, amefumba macho kwa makusudi.

"Yamechanua?" aliuliza.

Mbio aliketi kando yake. Aliyatazama vizuri, moja baada ya jingine.

"Yamechanua, Mama."